Mzazi, lisome daftari la mazimwi kabla hujalichoma

Mama mmoja, msomaji wa safu hii, alinitumia picha tatu kwa WhatsApp zikifuatiwa na ujumbe wa sauti wa dakika nne. Picha ni za kaunta buku la mwanawe wa miaka 12, ambalo siku zote alidhani ni la Hisabati. Alilifungua akitafuta kazi ya nyumbani, akakuta mazimwi. Kila ukurasa una zimwi moja: mchoro juu, jina kwa herufi kubwa, na chini yake namba na maelezo. Ulinzi 16. Uhai 60. Makazi. Chakula. Udhaifu.

Baba wa mtoto amesema daftari lichomwe moto. Bibi, ambaye yupo hapo nyumbani kwa matibabu, ameshauri aitwe mchungaji aje kuombea chumba. Mama mwenyewe yupo katikati. "Mtoto ni mpole, yupo kwaya ya watoto, shuleni hasumbui," alisema. "Sasa haya madude anayatoa wapi, na hizi namba ni za nini?"

Nianze na namba, maana kwa sauti yake nilisikia kwamba zilimtisha kuliko hata meno na makucha. Zimwi lenye meno ni mchoro tu. Zimwi lenye namba linafanana na kitu cha siri, kama hesabu za mganga.

Si siri. Ni mtindo wa vitabu vya mchezo uitwao Dungeons & Dragons, uliotoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Ni mchezo wa kukaa mezani. Mmoja huwa msimulizi: anaeleza pango, mlango, kelele inayotoka gizani. Wengine kila mmoja hubeba mhusika wake, askari au mwizi au mchawi, na kusema atafanya nini. Kukiwa na shaka kama jambo litafanikiwa, dadu hurushwa. Ndiyo hivyo tu. Watoto wetu wengi wameukuta kwenye YouTube, au kwenye tamthilia ya Stranger Things ambayo watoto wake wanaucheza kuanzia sehemu ya kwanza kabisa.

Huyo Gygax, kwa faida ya wazazi, alikuwa karani wa bima aliyepoteza kazi, akawa anatengeneza viatu nyumbani kwake katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, huku akilea watoto. Watu wa kwanza kuingia kwenye pango lake la kubuni walikuwa mwanawe Ernie na bintiye Elise. Mchezo huu ulianzia nyumbani, baba na watoto wake, na hilo napenda tulikumbuke tunapofika kwenye mambo ya kuchoma.

Mwaka 1977 alitoa kitabu kizima cha mazimwi, Monster Manual, chenye viumbe zaidi ya 350 vilivyopangwa kwa alfabeti. Kile ambacho mtoto wa huyu mama anakifanya kwenye kaunta buku ni mjukuu wa kitabu hicho. Kila kiumbe kina maelezo yake, na maelezo hayo yana kazi moja: mtu mwingine kabisa, ambaye hajawahi kuonana nawe, aweze kukichukua kiumbe chako na kukichezesha mezani kwake leo jioni bila kukupigia simu.

Ukiifikiria hiyo kazi, utaona ni ngumu. Kuchora dude la kutisha kila mtoto anaweza. Kuliandika ili lichezeke ni jambo jingine.

Chukua kiumbe kidogo kiitwacho goblin. Katika kanuni za mwaka 2014 kina ulinzi 15 na uhai 7. Ulinzi 15 maana yake ni kwamba anayekishambulia anarusha dadu la pande 20, anaongeza alama za ustadi wake, na lazima afikishe 15 ndipo ampate. Uhai 7 maana yake ni kwamba pigo moja zuri la upanga linatosha kukimaliza. Kwa hiyo kabla hata hujasoma maelezo umeshajua ni kiumbe cha namna gani: si rahisi kukipiga, lakini ukikipata kimekwisha. Ni kadogo, kepesi, kajanja. Namba zimesimulia.

Linganisha na jitu liitwalo troll. Uhai wake ni 84, na kila zamu yake ikifika linarudishiwa uhai 10. Unalikata, linajishona. Watoto wakilikutana nalo mara ya kwanza wanapigana mpaka wanachoka na dude bado limesimama. Ila ukurasa wake una mstari mmoja mdogo: likichomwa kwa moto au tindikali, zamu inayofuata halijishoni. Mtoto aliyesoma, au aliyemsikiliza mzee wa kijiji ndani ya simulizi, anaachana na upanga na kutafuta kijinga cha moto. Pambano lote limekaa kwenye huo mstari. Ukiufuta, troll linabaki kuwa mzigo wa kuchosha. Ukiuandika wazi mno, linakuwa chekechea. Mwandishi wa mazimwi anaishi hapo katikati.

Mimi ninalolipenda kuliko yote ni zimwi la kutu. Asili yake inachekesha. Gygax alikuwa ananunua midoli ya bei rahisi kwa ajili ya kuchezea mezani, na katika mfuko mmoja wa wanyama wa plastiki waliotengenezwa Hong Kong, ulioandikwa kuwa ni wanyama wa kale, kulikuwa na madude ambayo hayajawahi kuishi popote duniani. Badala ya kuyatupa akayaulizia maisha: wewe unakula nini? Unaishi wapi? Kutoka kwenye midoli hiyo wakapatikana kiumbe nusu bundi nusu dubu, kingine kama papa anayeogelea chini ya udongo, na kimoja chenye mkia kama pangaboi ambacho kikawa zimwi la kutu.

Zimwi la kutu halitaki kukuua. Linakula chuma. Likigusa upanga wako, upanga unaoza. Likigusa vazi lako la vita, linakuwa vumbi jekundu. Sasa tazama linachowafanyia wachezaji. Yule askari mwenye silaha za bei mbaya, ambaye kwa miezi amekuwa bingwa wa meza, ndiye anayekimbia. Yule mdogo mwenye rungu la mti, ambaye kila siku hudharauliwa, ndiye anayeitwa mbele. Tena zimwi lenyewe si katili: ukilirushia konzi ya misumari linaacha kukukimbiza na kuanza kula. Mtu aliyebuni hilo hakuuliza "litatisha vipi?" Aliuliza "litawafanya watu wafanye nini?" Hapo ndipo ubunifu wa mazimwi unapotofautiana na kuchora tu.

Nisije nikaonekana nasifia mambo ya nje kama vile sisi hatukuwa nayo. Zimwi tunalo, na methali yake tunayo: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hiyo ni kanuni ya zimwi kabisa, imewekewa hadi kiwango cha kula.

Na wengi wenu mlisimuliwa habari za nunda mla watu. Hadithi hiyo ya Sultani Majinuni iliandikwa Zanzibar na kuchapishwa na Edward Steere mwaka 1870 katika mkusanyiko wake wa hadithi za Waswahili. Paka wa sultani anakula kuku, watu wanalalamika, sultani anasema paka ni wake na kuku ni wake. Paka anaongezeka, anakula mbuzi, anakula ng'ombe, sultani anajibu vilevile. Anafika kwenye watu, jibu ni lilelile, mpaka siku anapokula watoto wa sultani mwenyewe. Hapo ndipo baba anatamka kwamba huyu si paka tena, ni nunda.

Mwana mdogo anaondoka kwenda kumsaka. Hamjui. Anaua mnyama mmoja, anamburura hadi nyumbani, mama anamwambia siye. Anaua mwingine, siye. Mwingine mkubwa zaidi, bado siye. Siku anapomkuta nunda mwenyewe amelala, kijana anamtambua kwa sababu alishapewa sifa zake na mama: masikio madogo, mwili mpana usio mrefu, madoa kama ya fungo, mkia mnene. Anazihesabu moja moja akimtazama. Zote zipo.

Huo, mzazi mwenzangu, ni ukurasa wa zimwi, na aliyeuandika ni mama. Hakumwambia mwanawe kwamba nunda hayupo. Hakumwambia pia kwamba nunda ni mkubwa kuliko dunia. Alimpa vipimo.

Najua hofu ya bibi na mchungaji. Si ya Kiafrika peke yake. Marekani ya miaka ya 1980 ilichafuka kwa ajili ya mchezo huuhuu. Mama mmoja wa Virginia aliyefiwa na mwanawe aliamini mchezo ndio uliomponza, na mwaka 1983 akaanzisha kikundi cha kuupinga. Makanisa na televisheni vikaingia. Uchungu wake ulikuwa wa kweli. Lakini ushahidi kwamba mchezo unaua watoto haukupatikana. Kampuni yenyewe iliogopa: toleo la pili, la mwaka 1989, halikuwa na mashetani, na yaliporudi mwaka 1991 yalikuwa na majina mapya ya kubuni yasiyotamkika. Viumbe walewale, majina mapya. Sidhani kama kuna mtoto aliyepona au kuharibika kwa badiliko lile.

(Toleo hilohilo lilikuwa na kichekesho kingine. Waliamua kila zimwi liwe kwenye karatasi yake ya kuchomoka, uzipange mwenyewe kwenye faili kwa alfabeti. Wazo zuri, ila karatasi zina pande mbili na kila upande ulikuwa na zimwi lake. Ukipanga upande wa mbele, wa nyuma unavurugika. Mwaka 1993 walirudi kwenye kitabu cha kawaida.)

Kama imani yako haikuruhusu mashetani kwenye daftari la mtoto, mwambie hivyo kwa utulivu na mtoe hayo. Mazimwi hayataisha. Zimwi la kutu halina dini. Ninachokikataa ni kuchoma daftari ambalo hukulisoma, kwa sababu mtoto atajifunza jambo moja tu: kwamba anachokibuni kifichwe.

Na kubuni huku kuna watu kulikofikisha mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1970 jarida la Uingereza liitwalo White Dwarf lilikuwa na safu ya mazimwi yanayotumwa na wasomaji. Kijana mmoja wa sekondari, Charles Stross, alituma yake. Mwaka 1979 jarida likachapisha watu wake wembamba wenye ngozi ya njano na panga za fedha, walioitwa githyanki. Jina lenyewe alilichukua kwenye riwaya ya mwandishi mwingine, lakini historia na tabia zao alizibuni yeye. Mwaka 1981 mazimwi bora ya wasomaji yalikusanywa kuwa kitabu, na aliyewekwa kwenye jalada ni githyanki. Stross alikua akawa mwandishi maarufu wa riwaya za sayansi ya kubuni. Nao githyanki hawakufa: mwaka 2023 walikuwa katikati ya Baldur's Gate 3, mchezo wa kompyuta uliochezwa na mamilioni ya watu. Kama mwanao anaujua mchezo huo, muulize Lae'zel ni nani. Ni wa kabila lililobuniwa na mtoto wa shule.

Sasa turudi kwenye zile picha tatu.

Picha ya kwanza ilikuwa ya Jini Chenji, dude la kwenye daladala linalokula sarafu tu, na udhaifu wake ni abiria mwenye hela kamili. Nilicheka peke yangu. Ya pili ilikuwa ya Mwalimu wa Zamu mwenye mikono sita, na kila mkono una kitu chake. Sitavitaja, mwalimu akisoma hapa kijana atapata shida.

Ya tatu ilikuwa tofauti. Mchoro wake umefutwa na kuchorwa upya mara nyingi hadi karatasi imechakaa. Jina: MKATA NONDO. Makazi: nje ya dirisha. Muda: umeme ukikatika. Chakula: nondo, kufuli, simu. Ulinzi 16, uhai 60. Kelele: hakuna. Udhaifu: haliingii kwenye nyumba ambayo watu wawili wako macho.

Nilimuuliza mama kama kuna kitu kimewahi kutokea kwenye dirisha. Alikaa kimya muda mrefu kidogo, kisha akaniambia. Mwezi wa nne wezi walikata nondo za dirisha la sebuleni usiku, wakachukua televisheni na simu mbili, watu wote wamelala. Aliyeamka wa kwanza alfajiri na kukuta dirisha wazi ni huyu mtoto. "Tulitengeneza dirisha wiki ileile," alisema. "Tukaweka nondo nene zaidi. Halafu tukakubaliana tusilizungumze tena mbele yake, asije akaogopa."

Nikamwomba asome tena mstari wa chakula.

Sisemi kila zimwi la mtoto lina mwizi ndani yake. Jini Chenji ni Jini Chenji. Mzazi anayegeuza kila mchoro kuwa mahojiano ya polisi atamfanya mtoto aanze kuchora maua ya kumridhisha. Lakini tazama alichokifanya huyu kijana bila kusaidiwa na mtu yeyote. Alikuwa na hofu isiyo na umbo, ambayo nyumbani imepigwa marufuku kutajwa. Akaipa jina, akaipa saa ya kutoka, akaikadiria uhai 60 na si elfu kumi. Na akatafuta udhaifu wake. Udhaifu aliouandika hauhusu nondo nene. Unahusu watu.

Ushauri wangu ulikuwa mdogo: baba asiongee kuhusu wizi. Aombe kucheza.

Alikubali kwa shingo upande, Jumamosi moja mchana, pamoja na dada mkubwa wa kijana. Mtoto akawa msimulizi. Baba akachagua kuwa askari mwenye panga, akaenda dirishani peke yake kwa ujasiri wote, na zimwi likala panga lake. Dada akataka kuwasha jenereta. Kijana akafikiri, akasema jenereta ni wazo zuri lakini lina kelele, litawaita mengine mawili. Mchezo ukaendelea karibu saa nzima. Katikati, akiwa ameshika karatasi zake, mtoto akauliza, "Kwani baba, wewe huwa unalala saa ngapi?"

Mama anasema walizungumza mpaka chai ya jioni ikapoa.

Niongeze kwamba mchezo si tiba. Mtoto asiyelala wiki baada ya wiki, anayekojoa kitandani ilhali alishaacha, au anayekataa kabisa kubaki chumbani, apelekwe kwa daktari au kwa mtaalamu wa ushauri nasaha. Usimngojee Mkata Nondo.

Kwa wale ambao watoto wao wanaandika tu kwa raha zao, na ndio wengi, kuna namna ya kukaa nao bila kuharibu utamu. Mtoto wa miaka tisa au kumi karibu kila mara ataandika zimwi lenye uhai 10,000 linaloua kwa kutazama. Usimwambie amekosea. Muulize, "Mimi nikikutana nalo, nafanya nini?" Akijibu "unakufa," mwambie sawa, na baada ya hapo mchezo unaendeleaje? Mara nyingi utamwona anatazama karatasi, kisha anachukua kifutio. Ameelewa mwenyewe kwamba zimwi lisiloshindika halina kazi mezani. Hilo ni somo ambalo watunzi wazima wamelilipia kwa pesa nyingi.

Kosa la pili ni la hesabu, na ni zuri kwa mtoto wa darasa la sita au la saba. Zimwi moja likipambana na wachezaji wanne, wao wana zamu nne kila mzunguko na lenyewe lina moja. Hata liwe kubwa vipi, linapigwa mara nne kabla halijajibu mara moja. Ndiyo maana kanuni za mwaka 2014 hupima ugumu wa zimwi kwa kikundi cha wachezaji wanne, na mazimwi makubwa hupewa vitendo vya ziada kati ya zamu za wengine. Mwache mtoto apige hesabu: wanne, kila mmoja akipiga wastani wa 6, uhai 60 unaisha katika mizunguko mingapi? Na wakikosa nusu ya mapigo je? Huyo mama alidhani daftari si la Hisabati.

La tatu ni dalili. Zimwi linaloua bila onyo linaudhi hata watu wazima. Medusa wa hadithi za Wagiriki, anayegeuza watu kuwa jiwe, hutanguliwa na sanamu za watu nje ya pango lake, nyuso zao zikiwa zimeshtuka. Anayetazama vizuri anajua kabla hajaingia. Muulize mwanao: tutajuaje kwamba liko karibu? Harufu? Nyayo? Mbwa wa jirani kunyamaza? Hapa watoto hutoa majibu mazuri kuliko yetu.

Vifaa havina gharama. Tangu Januari 2023 kanuni za msingi za toleo la 2014, pamoja na mazimwi mengi niliyoyataja hapa, zinapakuliwa bure na kutumiwa kihalali na yeyote. Ziko kwa Kiingereza, na mtoto anayehangaika kuzisoma atapata msamiati ambao kitabu cha darasani hakimpi. Dadu la pande 20 madukani kwetu ni shida kupatikana. Andika namba 1 hadi 20 kwenye vipande vya karatasi, vikunje, viweke kwenye kikombe, chomoa kimoja, soma, kisha ukirudishe. Wakisahau kukirudisha hesabu zote zinaharibika, na mtoto wa mwisho kuzaliwa ndiye atakayekuwa wa kwanza kulalamika.

Kucheza na watu wasiofahamika mtandaoni ni jambo jingine, na kwa mtoto wa miaka 12 mimi nasema hapana. Acheze na ndugu, na watoto wa jirani, mezani au kwenye mkeka, mlango ukiwa wazi. Kama umeme umekatika, mshumaa unatosha kusomea ukurasa mmoja.